Kwa Ndugu, Mazishi Tu

Mwezi uliopita tulimzika Minza kwao Ipililo. Kabla ya sala ya mwisho alisimama luteni mmoja wa kike, msichana mtanashati ambaye sare yake ilikuwa imenyooshwa pasi mpaka ikawa na makali, akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Marehemu alijiunga na jeshi akiwa na umri mdogo, alipanda cheo mpaka sajini, alistaafu kwa heshima, alipenda ushirika na alikuwa mcheshi. Kisha akasoma: "Hakuolewa, na hakujaliwa kupata mtoto." Watu wakaguna kwa huruma, kama wagunavyo watu msibani. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa tatu kwenye viti vya plastiki, katikati ya wastaafu wenzangu waliokuja kwa basi kutoka Bariadi, na nilijua sentensi ile ilikotoka. Luteni wa watu hakuitunga. Aliinakili kutoka kwenye jalada la marehemu, na ndani ya jalada hilo ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu. Nilitazama upande wa akina mama, nikawaona wazee watatu wanne wa kijiji wameinamisha macho chini. Tukamshusha kaburini na uongo wetu, tukala wali, tukaondoka.

Tangu siku hiyo sina raha. Napika chakula nasahau chumvi, najibu simu nasahau nimepigiwa na nani. Basi nimeona niandike habari za mwaka ule mmoja, mwaka nilioishi chumba kimoja na Minza, maana aliyebaki anayeujua wote ni mimi, nami si mtu wa kuaminika sana.

Kikosi chenyewe sitakitaja. Kilikuwa nje ya mji wa Bariadi, wakati ule wilaya hiyo ikiwa bado ni ya Shinyanga, hakuna aliyewahi kusikia neno mkoa wa Simiyu. Mimi nilikuwa koplo, karani wa masjala, yaani ofisi ya majalada ya askari. Nilikuwa na meza moja, taipureta moja yenye herufi "k" iliyokuwa inaruka juu ya mstari, kabati mbili za chuma, na kitabu cha kanuni za utumishi wa askari chenye jalada la kijani lililochakaa pembeni. Kati ya meza yangu na ofisi ya kamanda palikuwa na ukuta wa plaiwudi tu, nao haukufika juu, kwa hiyo nilisikia kila alichosema na kila alichokohoa. Kamanda wetu alikuwa meja mmoja wa makamo, mtu wa Tanga, mswalihina, mkimya, mwenye pumu. Vumbi la Bariadi wakati wa kiangazi lilimtesa mno. Askari walimwogopa kwa sababu hakuwa mtu wa kupiga kelele, na mtu asiyepiga kelele huwezi kujua amekasirika kiasi gani.

Kitabu kile cha kanuni nilikijua kuliko nilivyojua dua zangu. Askari alikuja dirishani, "Koplo, mke akijifungua napewa siku ngapi?" nami nikamjibu bila kukifungua, pamoja na namba ya kifungu. Baba mkwe amefariki? Siku mbili, kifungu fulani. Kuoa? Bado, miaka yako haijatimia, kifungu fulani. Wakanibatiza jina Koplo Kifungu. Walidhani wananitania, kumbe mimi nalipenda. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, sijui kupika wali usiwe bokoboko, sijui kucheza, sijui kupendwa, lakini kanuni nilizijua, na watu walinihitaji. Nikiliwaza jina hilo sasa naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Minza alikuja kikosini mwanzoni mwa mwaka, praiveti mpya, akapangiwa kitanda cha pili chumbani kwangu kwenye hanga, yaani bweni la wanawake. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, na alikuwa na namna ya kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Kwenye sanduku lake la bati hakuwa na mambo mengi: sare, kitenge kimoja, kioo kilichopasuka kona, na kiroba cha matobolwa. Mimi kwetu hatuli vitu hivyo. Alinifundisha kwamba viazi vitamu vikichemshwa, vikakatwa na kuanikwa ndiyo matobolwa; vikianikwa vibichi ndiyo michembe, hiyo utaipika baadaye na karanga. Jioni tulikaa kila mtu kitandani kwake tukitafuna matobolwa, naye akinifundisha Kisukuma. "Ukikutana na mtu asubuhi, sema mwangaluka. Mama wa watu mwite mayu. Ukiulizwa mhola, yaani habari, jibu mhola duhu, nzuri tu, hata kama umeumwa usiku kucha." Nilimuuliza kwa nini nijibu hivyo kama nimeumwa. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Kwa sababu ndiyo salamu, Kifungu wewe."

Wiki ya tatu au ya nne, tukiwa bafuni, niliona tumbo lake. Bafu letu lilikuwa la wote, mabomba manne kwenye ukuta mmoja bila kizuizi. Tumboni alikuwa na michirizi ile ya mwanamke aliyebeba mimba mpaka mwisho. Alinifumania nikitazama. Akajigeuza ukutani akaendelea kujimwagia maji, na mimi nikaendelea kujisugua kisigino kilichokwisha takata zamani. Hapakuwa na haja ya kuambizana. Kanuni ilisema anayeandikishwa asiwe ameoa au kuolewa wala asiwe na mtoto, na akibainika alidanganya kwenye fomu, ataachishwa kazi. Ilikuwa ukurasa wa sita. Nilikuwa nimeisoma kwa watu wengi.

Baada ya Pasaka tulipata pasi ya siku moja akanipeleka kwao. Tulishuka Maswa tukachukua baiskeli za kukodi, tukapita mashamba ya pamba yaliyokuwa yameanza kufunguka meupe. Kwao palikuwa na nyumba mbili, zizi la ng'ombe pembeni, na ua uliofagiliwa mpaka ukang'aa. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili. Nikajitutumua, "Mwangaluka, mayu," akacheka mpaka akashika kiuno, maana ilikwisha kuwa mchana. Na kutoka nyuma ya nyumba akaja mbio mtoto wa kike wa miaka minne hivi, "Dada! Dada!" akajigonga kwenye miguu ya Minza akaikumbatia. Anaitwa Kabula, mama akasema, huyu ndiye kitinda mimba wangu. Mtoto akapiga magoti kunisalimia, akainua uso kutabasamu, na pale pale nikauona mwanya.

Tulikula ugali wa mtama, mlenda na maziwa mgando. Kabula alikataa kula mpaka Minza amlishe, na Minza alimlisha kwa vidole vyake bila kuangalia, huku akiongea na mama yake mambo ya mbolea, kama afanyavyo mtu aliyezoea. Mtoto akasinzia na tonge mdomoni. Mama akasema jambo kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, na kaka mkubwa wa Minza, Masanja, akatazama sare yangu kisha akatazama pembeni. Sikuelewa maneno lakini nilielewa kwamba wananiogopa. Ilinishangaza. Sikuwahi kuogopwa na mtu mzima kabla ya hapo, na sitadanganya, sehemu fulani ya moyo wangu ilijisikia vizuri. Wakati wa kunawa, Minza alinimiminia maji akasema, "Umeshajua." Nikasema nilijua tangu bafuni. "Utaandika?" Nikamwambia, "Niandike nini, mbona sijaulizwa." Alishusha pumzi, akanikabidhi taulo.

Lakini mwezi wa saba niliulizwa. Ulikuja uhakiki wa taarifa za askari, na kila askari aliitwa masjalani, karani amuulize, aandike, halafu karani mwenyewe atie sahihi kwamba amehakiki. Minza alikaa mbele ya meza yangu, kofia mapajani. Jina la baba, la mama, kabila, dini. Nikafika kwenye ndoa, nikaandika hajaolewa. Nikafika kwenye mtoto. Nyuma ya plaiwudi meja alikuwa anakohoa. Minza alinitazama, akafungua mdomo, na mimi nikaandika "hana" kabla hajatoa sauti. Kwenye orodha ya ndugu nikaandika "Kabula, mdogo wake." Nikatia sahihi yangu ndefu yenye mkia. Siku ile nilijiona shujaa. Niliporudi chumbani nilikuta amenifulia shuka zangu bila kuombwa.

Mwaka ule alikwenda kwao mara mbili kwa ruhusa ya dharura, na mara zote mbili tuliandika kwamba mama yake anaumwa. Mara ya pili meja aliandika kwa wino mwekundu pembeni ya fomu: mama akiumwa tena, alete cheti cha daktari. Nikamwonyesha Minza maandishi yale. Tukacheka tukasema mlango huo umefungwa, tutatafuta mwingine. Tulikuwa vijana, tulidhani milango ni mingi.

Mwezi wa kumi, mvua zikiwa hazijaanza na vumbi limejaa mpaka kwenye uji, tukatangaziwa ukaguzi. Ruhusa zote zikafungwa isipokuwa za dharura. Tulikuwa tunapaka mawe chokaa asubuhi hadi jioni. Siku ya pili ya kupaka mawe, Masanja alifika langoni na baiskeli, shati limemgandia mgongoni kwa jasho. Minza alirudi kutoka langoni akitembea haraka, miguu kama haigusi chini, akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Naomba fomu ya dharura."

"Kuna nini?"

"Kabula ana homa siku ya tatu. Jana ameshikwa na degedege. Wamelazwa Maswa na mama. Masanja anasema mtoto ananiita."

Nilimpa fomu. Akaandika jina, namba, akafika kwenye uhusiano na mgonjwa, akaandika mdogo wangu. Nikaisoma ikiwa juu chini kutoka upande wangu, na mdomo wangu ukajibu wenyewe, vile ulivyozoea kuwajibu watu dirishani. "Mdogo wako? Ugonjwa ni wa mzazi, mwenza au mtoto. Kwa ndugu ni mazishi tu, Minza."

Alinyanyua kichwa. "Kwa hiyo nisubiri afe?"

Sijui kama mtu anaweza kusema sentensi ile kwa sauti ndogo zaidi ya alivyoisema. Nikaanza kuropoka, ooh, labda tuandike mama, labda tupate cheti kwa yule tabibu wa zahanati, labda ukaguzi ukipita. Hakunisikiliza. Aliichana fomu akaomba nyingine, akaondoka nayo. Saa ya chai akarudi, akaiweka juu ya taipureta. Uhusiano na mgonjwa: mtoto wangu wa kumzaa. Mwandiko ulikuwa umenyooka, herufi kubwa kubwa, kama wa mtoto wa shule anayeandika insha.

"Peleka hivyo hivyo," akasema.

"Utaachishwa kazi."

"Nitakuwa nimemwona."

"Minza, na mimi nilihakiki. Sahihi ni yangu."

Hilo lilinitoka bila kulipima. Alinitazama, wala si kwa hasira, akasema, "Nitasema nilikudanganya na wewe. Peleka tu. Akikataa, naruka uzio." Nikamwambia asiruke uzio, watamkamata kwa utoro, atawekwa mahabusu, na hapo hatamwona mtoto wala kazi hatakuwa nayo. Nikamwambia, "Niachie. Naingia nayo sasa hivi."

Kwenye jeshi praiveti haingii kwa kamanda hivi hivi. Anapitia masjala, masjala ndiyo inaingia. Kwa hiyo mlango wa meja, kwa Minza, ulikuwa mimi. Nilisimama, nikavuta shati, nikaichukua fomu. Nilisikia meja anafungua kichupa chake cha dawa ya pumu. Hatua tano tu. Nikawaza atauliza tangu lini unajua, Koplo. Nikawaza jalada lake, mwandiko wangu, neno "hana". Nikawaza pia kwamba Minza ana hasira za uchungu, kesho atatulia, homa za watoto hushuka, halafu atanishukuru kwamba nilimwokoa na ujinga wake. Haya yote mawili niliyawaza kwa wakati mmoja, na mpaka leo siwezi kuyatenganisha nikasema lipi lilinikalisha chini. Nilikaa. Nikavuta droo, nikaiweka fomu chini ya boksi la vidau vya mhuri, nikaifunga.

Saa nane alikuja dirishani, mikono imejaa chokaa. "Amesemaje?"

"Amesema atatoa jibu asubuhi."

"Ameisoma?"

"Ameisoma."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akarudi kwenye mawe. Kupitia dirishani nilimwona ameinama na brashi, anapaka, anahamia jiwe linalofuata, anapaka. Jioni mesi ilikuwa maharage na dona, alikaa mbele ya sahani yake bila kuigusa, na mimi nilizungumza mfululizo juu ya upuuzi wowote ulionijia ili asinitazame.

Asubuhi, kabla ya paredi, Masanja alikuwa langoni tena. Safari hii hakushuka kwenye baiskeli. Alikaa juu yake mguu mmoja chini, na askari wa zamu ndiye aliyekuja kutuambia.

Nilichapa fomu mpya kwa mikono yangu. Uhusiano: ndugu. Sababu: mazishi. Siku tatu. Herufi "k" ziliruka zote. Niliingia kwa meja, akasoma, akatia sahihi, haikuchukua hata dakika moja. "Mpe pole zangu," akasema. "Sajini Komba achukue gari ampeleke. Na wewe nenda, mnaishi chumba kimoja." Kisha akaniita nikiwa mlangoni: "Mdogo wake alikuwa na umri gani?" Nikasema miaka minne, afande. Akasema, "Maskini," akakohoa.

Nimekwisha kwenda misiba mingi. Ule ndio ninaoota. Tulipofika, watu walikuwa wameshakusanyika, wanaume upande wa zizi, wanawake uani, na kilio kilikuwa kinasikika tangu barabarani. Gari la jeshi lilipoingia kikapungua. Sajini Komba akashuka, mtu mzuri tu, mtu wa Songea, hakujua lolote, akavua kofia akaenda kushika mikono ya wanaume. Mimi nikashuka na Minza. Nikaona wanawake wanamtazama yeye, halafu wananitazama mimi, halafu wanamtazama sajini. Kijiji kizima kilijua. Baadhi ya wanawake wale ndio waliokuwa wakunga wake. Hakuna aliyewapanga wala aliyewafundisha, lakini mbele ya macho yangu kijiji kile kilijipanga upya. Mwanamke aliyekuwa amefungua mikono kuja kumkumbatia Minza aligeuka njiani akaenda kumkumbatia bibi wa mtoto, mama yake Minza. Mama mzima, mwenye miaka hamsini na zaidi, akakalishwa kwenye mkeka wa mfiwa, akafungwa kanga kiunoni, watu wakapita mmoja mmoja kumwambia pole kwa kufiwa na mwanao. Na Minza, aliyezaa, akaambiwa na shangazi yake kwa sauti ya kusikika, kwa Kiswahili ili sajini aelewe, "Wewe dada mtu, hebu nenda kasaidie wenzako maji."

Akaenda. Alivaa kitenge juu ya sare akabeba ndoo. Alichota maji, akakoleza moto, akaosha mchele. Mara moja mama yake pale mkekani alishindwa kujizuia, akaita, "Ng'wanawane!" akimwita mwanawe, na Minza akaacha ndoo akageuka, lakini yule shangazi alikwisha kupiga magoti mbele ya mkeka kumziba. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na sare yangu. Ningeweza kuinuka nikaondoka, nikampeleka sajini mbali kidogo, nikamwambia twende tukaangalie ng'ombe. Hilo tu lingempa nusu saa ya kulia. Sikulifikiria mpaka tulipokwisha rudi. Walipolishusha jeneza, lilikuwa dogo, Masanja alilibeba peke yake. Minza alisimama nyuma ya wanawake wote akiwa na mwiko mkononi, nadhani alisahau kuuweka chini. Ilipofika zamu ya ndugu kutupa udongo, alitupa mara moja, kama dada.

Siku tatu zilipokwisha alirudi kikosini. Ukaguzi ulikwisha pita, mawe yalikuwa meupe. Alikaa kitandani kwake akavua viatu, akasema, "Yule mzee alisoma fomu yangu."

Niliinama nikaanza kufungua kamba za buti zangu.

"Alisoma, akajua, na bado kaniandikia ndugu. Hajaniita. Hajanifukuza." Alikuwa analia sasa, machozi yanashuka bila sauti. "Angeweza kunimaliza, Rehema. Ananihurumia. Kachelewa siku moja tu, naye ni binadamu. Nimwambieje asante?"

Usimwambie chochote, nikasema. Mambo mengine mkubwa hataki kushukuriwa. Lilinitoka laini kabisa, kana kwamba nimelisoma kwenye kifungu. Akakubali. Na tangu siku ile, meja alipopita, Minza alipiga saluti iliyomfanya mzee wa watu ageuke kumtazama. Miaka ilipita, meja akastaafu, akafariki kwao Tanga, na Minza alisafiri kwa basi siku mbili kwenda kumzika mtu ambaye hakuwahi kuijua siri yake. Aliniambia hakuacha jeshi kwa ajili yake, kwamba kazi aliyoachiwa kwa huruma lazima aifanye vizuri. Wanaume walimtaka, miaka ya kuolewa ilipotimia aliniambia hataki. Hakuniambia sababu, nami ndiye mtu ambaye sikuwa na haki ya kuiuliza.

Mwaka wenyewe uliisha hivi. Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, mvua imeshika, udongo mweusi wa Bariadi unang'ang'ania buti. Karibu na saa ya chakula luteni wa utawala aliingia kwa meja, na mimi nilikuwa nachapa orodha ya zamu. Nilisikia kupitia plaiwudi kwamba kuna praiveti mmoja, wa kiume, amebainika ana mtoto kwao Meatu. Mtoto ameungua na uji wa moto na baba anaomba kwenda. Luteni alisema fomu aliyojiandikishia inasema hana mtoto, kwa hiyo kwanza ashtakiwe, halafu ruhusa ifikiriwe.

"Mtoto ameungua na sisi tunabishana fomu?" meja akasema. "Aende leo. Makosa yake tutayaandika akirudi, na adhabu ataipata. Lakini aende kwanza."

"Afande, kanuni inasema..."

"Kanuni ina ukurasa wa mwisho, Luteni. Umewahi kuusoma?"

Nilivuta kitabu changu cha kijani. Niliufungua ukurasa wa mwisho, mimi Koplo Kifungu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ulikuwa na mistari miwili tu: kamanda wa kikosi anaweza, kwa hekima yake, kutoa ruhusa kwa askari yeyote kwa sababu ambayo haikutajwa humu. Sikuwahi kufika pale kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo jibu lake liko pale. Aliyeuliza alikuwa mmoja, na nilimjibu kwa ukurasa mwingine.

Luteni akatoka. Nilifungua droo, nikaitoa fomu ya Minza chini ya boksi la mhuri. Karatasi ilikuwa imeshika rangi ya wino kona moja. Mtoto wangu wa kumzaa. Nilisimama nikaenda nayo zile hatua tano, nikagonga.

"Ingia."

Niliingia, nikapiga saluti, fomu iko mkono wa kushoto nyuma ya paja. Meja alikuwa anaandika. Aliendelea kuandika, kisha akasimamisha kalamu akanisubiri. Uso wake haukuwa mkali hata kidogo. Ningesema neno moja tu, angeniuliza la pili mwenyewe.

"Naam, Koplo?"

"Naomba ruhusa ya kwenda kula, afande."

"Nenda," akasema, akarudi kwenye kuandika.

Nikaikunja fomu mara nne nikaitia mfukoni, nikavuka uwanja kwenye matope mpaka mesi. Watu walikuwa wamejaa. Minza alikuwa amenishikia nafasi kwenye benchi kwa kofia yake, na chakula changu alikwisha kunichukulia, amekifunika kwa sahani nyingine kisipoe. Ilikuwa siku ya nyama. Alikuwa amehamishia vipande vyake viwili kwenye sahani yangu, kwa sababu, alisema, siku hizi nimekonda sana na hajui ninawaza nini. Akasogea, nikakaa, fomu iliyokunjwa mfukoni ikanigusa paja. Akaniambia nile, nami nikala nikamaliza.